Jiko la peleti linaposumbua: dalili, sababu na pa kuanzia

Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na nyumba nyingi zina bati juu bila dari. Ndiyo maana huku Kigezi mtu akinunua jiko la peleti haulizi tu kama litapika posho (ugali). Anauliza kama litapasha sebule moto. Mwongozo huu umekusanya matatizo ambayo familia za Kabale, Kisoro na Katuna huyalalamikia tena na tena, hasa mvua zikianza: moshi, feni iliyonyamaza, mwali dhaifu, maharage yasiyoiva.

Kwanza ujue jiko linavyofanya kazi. Peleti ni vumbi la mbao au maganda ya mazao yaliyoshindiliwa hadi kuwa vipande vyembamba, kwa kawaida milimita 6 au 8 kwa unene. Jiko dogo lenye feni haliwaki kama sigiri. Unalijaza, unaliwasha kwa juu, na moto unateremka polepole. Peleti zikipata joto hutoa gesi. Gesi inapanda, inakutana na hewa inayoingia kwa vitundu vya juu, na hapo inaungua. Mwali unaouona ni gesi hiyo. Basi karibu kila hitilafu ina mizizi miwili: gesi imekosa hewa, au peleti zina maji. Majiko mengi yanayofikishwa kwa fundi ni mazima kabisa. Mgonjwa ni gunia.

Kichwa kinauma, mwili unalegea, watoto wanasinzia mapema

Hili linatangulia kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri kesho.

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakapata kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea huku jiko likiwa ndani, shuku kaboni monoksidi kabla hujashuku malaria. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kuna ishara mbili za kuitambua: hakuna homa, na mtu hupata nafuu akikaa nje kwa muda.

Shida ni kwamba watu wanaogopa moshi, hawaogopi makaa. Jiko likifuka moshi, kila mtu anapiga kelele litolewe. Mwali ukiisha na makaa mekundu yakabaki chini, mtu anasema limetulia, analibeba hadi chumbani watoto wapate joto. Lakini makaa yasiyo na mwali ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, hata kama huoni hata uzi mmoja wa moshi. Sigiri ya mkaa ni hivyohivyo. Jiko kuwa la kisasa hakubadilishi chochote hapo.

Ukishuku gesi, toa watu wote nje kwanza, aliyelala na aliyeamka. Fungua mlango na madirisha ukiwa unatoka, usirudi kukaa ndani kulishughulikia jiko. Msipoteze muda kutafuta maziwa kama dawa ya sumu: gesi imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu, na tiba yake ni oksijeni hospitalini. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa moyo na yeyote aliyepoteza fahamu au anayeongea bila mpangilio apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu. Namba za dharura Uganda ni 999 au 112.

Kanuni yenyewe ni fupi: jiko lisilo na bomba la kutoa moshi nje halilali ndani na watu. Si kwenye kona, si mlangoni, si "kwa dakika kumi tu". Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kwa chumba cha kulala. Na yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, msiyazibe kwa magazeti au mifuko ya nailoni kwa sababu ya baridi.

Joto la usiku litafutwe kwa njia nyingine. Chemsha maji jikoni, yatie kwenye chupa ya mpira ya maji moto, ifunge kwa kitambaa, iweke chini ya blanketi kabla ya kulala. Mwenye pesa kidogo za kuboresha nyumba, mimi ningemwambia aanze na dari kabla ya kununua jiko la pili. Joto lote unalolitengeneza chini ya bati tupu linapita juu yako na kwenda zake.

Moshi mwingi tangu kuwasha

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na nusu yake huishia kwenye unyevu. Ukungu wa asubuhi unaingia kwenye gunia lililowekwa juu ya sakafu ya udongo, na peleti hunywa maji taratibu bila kubadilika rangi.

Jaribu hivi. Chukua peleti moja uivunje kwa vidole. Kavu huvunjika kwa mlio mkavu na ngozi yake inang'aa kidogo. Yenye unyevu hujikunja, au humomonyoka bila sauti. Kisha tupa nyingine kwenye kikombe cha maji: iliyoshindiliwa vizuri huzama mara moja, halafu baada ya dakika chache huvimba na kurudi kuwa vumbi la mbao. Inayoelea haikushindiliwa vya kutosha, na itaungua haraka na kuacha masizi.

Peleti zilizopata unyevu kidogo zinaweza kuanikwa juani juu ya turubai. Zilizokwisha kuvimba hazirudi. Zitupe shambani na usilipe mtu anayekuambia zitakauka. Gunia jipya lihifadhi kwenye jerikeni kubwa lenye mfuniko au pipa, juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta.

Kama peleti ni kavu na moshi bado upo, angalia kwa mpangilio huu:

1. Umejaza kupita kiasi. Peleti zisifike kwenye vitundu vya juu. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu chini yake. Vitundu vikizibwa, gesi inapanda bila kukutana na hewa, na gesi isiyoungua ndiyo moshi wenyewe.

2. Umepandisha feni mapema. Weka juu ya peleti vijiti vikavu vya msonobari, au konzi moja ya peleti zilizolowanishwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya taa, washa, subiri mwali uenee juu pote. Ndipo feni iwashwe kwa kasi ndogo, halafu ipandishwe kidogokidogo.

3. Vumbi limejaa chini ya gunia. Peleti zilizosagika huziba njia ya hewa ya chini. Pitisha peleti kwenye chekeche kabla ya kujaza. Vumbi linalobaki lichanganye na la kuwashia.

4. Vitundu vimezibwa na masizi au posho iliyofurika. Jiko likiwa baridi kabisa, zibua kimoja kimoja kwa spoku ya baiskeli. Usitoboe upya wala kupanua. Ukubwa wa vitundu ulipimwa.

5. Sufuria imekaa juu ya mwali bila nafasi. Kama vile vijiguu vya kuinulia sufuria vimepotea, mwali unabanwa na kuzimika pembeni.

Petroli isikaribie jiko hili hata siku moja. Mafuta ya taa nayo yasimiminwe kwenye jiko lililo moto, hata kama linaonekana limezima: mvuke wake hulipuka usoni.

Linawaka vizuri, kisha mwali unazimika na moshi unajaa

Mara nyingi mtu ameongeza peleti katikati ya kupika. Jiko linalowaka kwa juu halipendi kufunikwa: peleti baridi zinakaa juu ya moto, zinatoa gesi kabla ya mwali kuwa na nguvu ya kuichoma. Ukilazimika kuongeza, tia kiganja kimoja na usubiri mwali urudi. Kwa chakula kirefu ni afadhali umalize mjazo mmoja, umwage makaa, ujaze upya.

Sababu nyingine ni upepo wa ghafla, betri iliyoishiwa katikati, au peleti ndefu zilizoshikana na kuacha pango ndani. Hizo ndefu zivunje kabla ya kujaza.

Kuwasha tena ndipo watu wanapoungua nyusi. Moshi mzito unaotoka kwenye jiko lililozimika ni gesi inayoweza kuwaka yote kwa mara moja. Litoe nje kwa vishikio, ondoa sufuria, punguza feni, simama pembeni uso ukiwa mbali, kisha sogeza kijiti kirefu chenye moto kwenye ukingo. Usiiname juu yake kuchungulia.

Feni haizunguki, au inazunguka ikikoroma

Anza na vitu vya bure: swichi, plagi ya chaja, waya uliokatika karibu na mahali unapojikunja. Halafu betri. Paneli ya sola iliyoanikwa siku ya ukungu inaweza kuwasha taa yake ndogo bila kuchaji kitu cha maana, kwa hiyo taa isikudanganye. Fungua kifuniko cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo zake, ufute kwa kitambaa kikavu na ukaze nyaya.

Feni inayokoroma ina majivu, nywele au uzi uliojizungusha kwenye mhimili. Ondoa betri kwanza, kisha safisha kwa mswaki wa zamani. Kama posho au mchuzi uliingia ndani, iache wazi ikauke siku nzima kabla ya kujaribu tena.

Usiunganishe feni moja kwa moja na betri ya gari au ya pikipiki kwa majaribio. Hiyo ni volti 12, na feni nyingi za majiko haya ni za volti pungufu ya hapo. Huzunguka kwa kasi ya kupendeza kwa dakika moja na kufa. Soma kibandiko chake. Fundi wa redio mwenye mita anaweza kupima betri na feni kando kando, na kazi hiyo si ya gharama.

Acha mara moja kama betri imevimba, imepasuka, inavuja au inapata joto ikichajiwa. Usiitoboe, usiitupe motoni, iweke nje mbali na nyumba hadi ipelekwe kwa fundi.

Mwali upo lakini chakula hakiivi

Hapa jiko husingiziwa sana. Kwenye mwinuko wa Kabale maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Maharage yanayochemka hapa yako kwenye maji ya joto dogo kuliko yanayochemka Mombasa, na kuongeza moto hakubadilishi hilo. Kunamaliza peleti tu. Yaloweke usiku kucha, yafunike kwa mfuniko wenye uzito, au tumia sufuria ya presha, na utaona malalamiko yameisha bila fundi.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Kwenye mwinuko huu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, kwa hiyo kasi ya feni iliyopendekezwa kwenye kijitabu huenda ikawa ndogo huku. Ipandishe hatua moja utazame rangi: mwali wa njano mrefu unaolamba sufuria na kuipaka masizi unaomba hewa, mwali mfupi wenye kingo za buluu umetosheka, mwali unaonguruma na kujitenga na vitundu umepewa hewa kupita kiasi.

Baada ya hayo ndipo ulaumu peleti. Maganda ya mchele hayana nguvu ya vumbi la mikaratusi, hata gunia likiwa na bei ya kuvutia.

Majivu yameganda kama mawe chini ya jiko

Mbao safi isiyo na maganda huacha majivu chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Maganda ya mchele huacha karibu moja ya tano, na maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi inayofanya majivu yayeyuke mapema. Yakiyeyuka yanashikana, yakipoa yanakuwa mawe, na mawe yanaziba hewa ya chini.

Punguza feni, kwa sababu kasi kubwa inapandisha joto la chini hadi majivu kuyeyuka. Changanya peleti hizo na za mbao. Uliza pia kama muuzaji anakausha malighafi yake chini kwenye udongo: mchanga uliochanganyika hugandisha majivu vilevile. Mawe yaliyokwisha kushika yang'oe kwa bisibisi butu jiko likiwa baridi, na usigonge kwa nyundo. Ukuta wa ndani ukiwa na ufa, umepinda au umetoboka, jiko lisitumike hadi fundi bati abadilishe sehemu hiyo.

Moshi mweupe mwishoni mwa kupika

Hili si hitilafu. Gesi imekwisha na yamebaki makaa. Ondoa chakula, toa jiko nje. Makaa yamwage kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko mzito na uifunike, yazime kwa kukosa hewa. Ndoo hiyo ikae nje juu ya udongo au saruji, kamwe si beseni la plastiki wala karibu na ukuta wa mbao. Chembe ya moto huweza kujificha ndani ya majivu hadi kesho yake.

Jiko kubwa la kupasha nyumba, lenye bomba na umeme

Mwenye jiko la aina hii, lenye tangi la peleti, skrubu ya kuzisukuma na bomba linalotokeza juu ya bati, ana kifaa kilichoundwa kwa ajili ya joto la ndani. Matatizo yake ni mengine.

*Umeme ukikatika.* Feni ya kutoa moshi inasimama na moshi unatafuta njia ya kurudi sebuleni. Usifungue mlango wa jiko. Fungua madirisha, toa watoto, peleti chache zilizo kwenye bakuli la moto zitaisha zenyewe. Kama kukatika ni kwa kawaida mtaani kwenu, weka betri na inveta yenye wimbi safi (pure sine wave), yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Wakati wa kuwasha jiko hula karibu wati 300 hadi 400, kisha hushuka hadi wati 100 hivi au chini ya hapo.

*Peleti hazishuki.* Tangi lina peleti lakini bakuli ni tupu: kwa kawaida vumbi limekaa chini na kubana skrubu. Zima, chomoa plagi, subiri lipoe, toa peleti zote, nyonya au futa vumbi. Usiingize mkono kwenye skrubu ilhali plagi iko ukutani.

*Kioo kinakuwa cheusi kwa siku moja.* Safisha bakuli na vitundu vyake kwanza. Kisha jaribu kamba ya kuziba mlango: weka noti ya shilingi elfu moja kati ya mlango na fremu, funga, vuta. Ikigoma, kamba ni nzima. Ikiteleza bila kushikwa, hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye peleti, na kamba inapaswa kubadilishwa. Jaribu pande zote nne. Mara nyingi ni upande wa chini unaochoka.

*Moshi unarudi ndani ingawa umeme upo.* Bomba limejaa majivu kwenye kona, ndege wamejenga juu yake, au liko fupi na upepo wa bondeni unalisukumia moshi chini. Kona unaweza kufungua na kusafisha jiko likiwa baridi. Kupanda juu ya bati lenye ukungu wa asubuhi ni kazi ya fundi.

*Jiko halikuwahi kuwa sawa tangu lifike.* Soma kibandiko nyuma. La Marekani linataka volti 120, nasi tuna 240. Likichomekwa moja kwa moja linaungua. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi mawimbi ya umeme wetu, 50 kwa sekunde, yawe 60 linayotaka jiko hilo, kwa hiyo mota zake nyingi zitakwenda polepole hata baada ya kununua transfoma ya bei.

Ukisikia bomba likinguruma kama lori linalopanda mlima, au likawa jekundu, masizi ndani yake yameshika moto. Zima jiko, acha mlango wake umefungwa, toa watu wote, piga 999. Usimwage maji ndani. Hata moto ukizima wenyewe, bomba likaguliwe kabla ya kuwashwa tena, kwa sababu maungio yanaweza kuwa yameachana mahali usipopaona, ndani ya ukuta au juu ya dari.

Ukilipeleka kwa fundi

Beba na konzi moja ya peleti kutoka gunia lile lile, katika mfuko uliofungwa. Beba chaja na betri hata kama unaamini ni nzima. Mweleze ulijaza hadi wapi, feni ilikuwa kasi gani, na moshi ulianza kabla ya mwali au baada yake. Fundi anayekubali kazi bila kuuliza lolote kati ya hayo, na anayetaka kuanza kwa kuongeza matundu, mwambie asante, ulibebe jiko lako kwa fundi mwingine.